Maneno Yasiyo na Kwao

Neno la siku hiyo lilikuwa SOLIVAGANT, na hakuna mkulima aliyetaka kusimama karibu nalo.

Walikuwa wamepanga magunia yao ya majani mabichi nyuma ya kibanda cha kununulia chai, kwenye matope, wakangojea lori la kiwanda huko huko. Sakafu ya saruji chini ya ubao ilikuwa tupu, safi, imefagiliwa na hofu. Ukungu wa Kaplelmet ulikuwa umeketi juu ya michai, na kila sauti iliyotoka ndani yake ilionekana kama inatoka kwa mtu asiyekuwepo.

Sajini Kiptanui aliupiga ubao picha kwa simu. Kisha akausoma, silabi kwa silabi. Kiingereza chake kilikomea darasa la sita, na ndiyo maana alikuwa bado sajini wakati vijana waliokuja jana, wasiojua hata kufunga buti, walikuwa wanampa amri. Mstari wa juu ulikuwa na neno lenyewe. Mstari wa chini ulikuwa na maana yake: anayetangatanga peke yake.

"Afande, wewe simama tu hapo," alisema mama mmoja kutoka kwenye matope, kikapu bado mgongoni. Alikuwa Marcella, mkulima wa ng'ambo ya mto. "Mimi sikanyagi. Mtu akiandika na hana mkono, wewe utasimama?"

"Nani amekuambia hana mkono?"

"Kama ana mkono, mbona hana miguu ya kurudi kwa bibi yake?"

Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza kwa pamoja, kama watu waliochekea kanisani.

Aliyekuwa akitafutwa ni Hezekiah Kipkurui, karani mstaafu wa kiwanda. Watu walimwita Mzee Kamusi. Meneja mmoja Mzungu, alipokuwa anaondoka zamani, alimwachia kamusi nene isiyo na jalada, na Hezekiah akaisoma jinsi wengine wanavyosoma Biblia. Kila asubuhi, kabla ya lori kufika, aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza ambalo hata Waingereza wenyewe wamelisahau, akawaeleza wakulima maana yake na lilikotoka. Aliwafundisha petrichor, ile harufu ya udongo mkavu mvua inapouangukia. Alisema Wagiriki walitoa neno la jiwe, na neno la kile kinachotembea kwenye mishipa ya miungu badala ya damu, na mtu mmoja wa juzi juzi akayaunganisha. Wakulima walinusa hewa wakakubali. Aliwafundisha mumpsimus, mtu anayeshikilia kosa lake hata akirekebishwa, akawasimulia juu ya padri mzee aliyekosea neno moja la misa maisha yake yote, na alipoonyeshwa lililo sahihi akakataa kuacha lake alilolizoea. Siku hiyo walicheka mpaka lori likafika, kwa sababu kila mtu alikuwa na diwani wake akilini.

Kisha, wiki kadhaa kabla ya asubuhi hiyo, Hezekiah akapotea. Na asubuhi iliyofuata, ubaoni kulikuwa na neno.

Tangu hapo hapajapita asubuhi bila neno.

Simu ya Sajini ililia. Alikuwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi.

"Kiptanui, bado uko kwa hiyo ubao?"

"Niko, afande."

"Mtu anaandika kila siku na wewe unatafuta maiti. Huyo mzee amechoka na bibi, amejificha mahali. Nataka hiyo faili imefungwa jioni. Na kama lazima umshike mtu, shika huyo karani Mjaluo. Si ndiye ana chaki?"

"Ndio, afande."

"Ndio nini?"

"Ndio, nimesikia."

Faili ikifungwa, ingekwenda stoo, isomwe na panya tu. Naye Phyllis, mke wa Hezekiah, angebaki pale alipo: si mke, si mjane. Alikuwa amekuja kituoni mara nyingi na swali moja, na wakubwa wakamwambia akae kwenye benchi angojee. Sajini alizijua benchi hizo. Mke wake mwenyewe alifia kwenye moja, hospitalini, daktari akiwa semina.

Alimwita karani wa kituo cha chai pembeni, mbali na masikio ya wakulima. Gordon Otiende alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kazini lililopigwa pasi hata katika matope yale. Familia yake ilitoka upande wa ziwa wakati wa babu yake, kuchuma chai.

"Chaki inakaa wapi?"

"Ndani, kwa kabati. Kufuli."

"Funguo ni ngapi?"

"Mbili. Moja yangu, moja ya chairman."

"Watu wanasema ni wewe unaandika."

Otiende alikunja mikono. "Sajini, nikuulize. Mimi Mjaluo nikitaka kuonyesha watu Kizungu yangu, nitajificha?"

Sajini alizuia cheko. "Jumamosi na Jumapili iliyopita ulikuwa wapi?"

"Siaya. Matanga ya mjomba. Nilirudi Jumatatu."

"Nani atakuapia?"

"Location mzima! Matanga ya kwetu nani hukosa? Hata marehemu alikuwepo."

"Na Jumapili neno lilikuwa hapo?"

"Niliambiwa lilikuwa. Absquatulate. Kuondoka ghafla bila kuaga."

Sajini alifungua picha kwenye simu, akazipitia moja baada ya nyingine kwa kidole gumba. Alikuwa amezipiga tangu alipopewa kesi. Za zamani, za wakati wa Hezekiah, alitumiwa na mwana wa Marcella aliyekuwa akizipiga ili ajifunze. Aliziweka ubavu kwa ubavu, za jana na za leo. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa kubwa ambazo mtu yeyote anaweza kuiga. Hapo hapakuwa na kitu.

"Otiende, nitafsirie haya ya karibuni. Yote."

"Hii ni peregrinate, kutembea nchi na nchi. Hii absquatulate nimekuambia. Ya leo, kutangatanga peke yako." Karani alisita. "Yote ni safari, Sajini."

"Na ya mzee mwenyewe, yalikuwa ya safari?"

"Hapana. Yake yalikuwa ya kila kitu. Jua la baridi. Mvua. Viongozi." Alisogeza kichwa karibu na simu. "Na angalia. Yake yana mistari tatu. Neno, maana, na kwao. Hiyo ya kwao hakuwahi kuacha. Alikuwa anasema neno lisilo na kwao ni kama mtoto wa barabarani, utalilisha lakini hutajua utaliita ukoo gani. Haya mapya yana mistari mbili."

Sajini alihesabu mwenyewe. Mistari miwili. Aliyekuwa akiandika hakuwa mtu wa kupenda maneno. Alitaka tu watu wasome kwamba Hezekiah yuko safarini.

"Ulisema viongozi. Neno gani?"

Otiende aliangalia nyuma yake kwanza. "Kakistocracy. Utawala wa wale wabaya kabisa kuliko wote. Kigiriki. Aliliandika wiki ile ya uchaguzi wa kamati, na akaliacha siku mbili, yeye ambaye hubadilisha kila siku. Vijana wakaanza kumwita chairman Mheshimiwa Kakisto. Hata kanisani, akisimama kusoma matangazo, mtu anapiga chafya: Kakisto!"

"Chairman alisema nini?"

"Alisema atamfundisha huyo mzee neno moja ambalo haliko kwa kamusi."

Mwenyekiti wa kituo hicho cha kununulia chai alikuwa Chepyegon. Baba yake na baba wa Hezekiah walikuwa ndugu, tumbo moja. Alikuwa mtu wa kuketi meza moja na wakubwa. OCS mwenyewe alikuwa amekunywa chai kwake. Ufunguo, matusi na tisho, vyote vilielekea nyumba moja. Lakini Sajini alikuwa ameona kesi zenye zaidi ya hayo zikifia mezani kwa wakubwa. Ufunguo si damu. Tisho la mtu mwenye hasira kila mtu amewahi kulitoa. Bila mwili, na ubao ukiendelea kuandika, hakuna hakimu ambaye angemsikiliza.

Akapanda pikipiki ya kituo akashuka kwa Chepyegon.

*

Kitu cha kwanza alichokisikia kabla ya kufika langoni kilikuwa ng'ombe. Walikuwa wanalia, wote, kilio cha njaa. Mbavu zao zilihesabika kutoka barabarani. Lakini nyuma ya zizi kulikuwa na shimo kubwa la sileji, lishe ya ng'ombe inayofukiwa ichache, limefunikwa na karatasi nyeusi ya plastiki, udongo juu yake, na matairi makuukuu juu ya udongo. Mahindi ya kutosha kulisha kundi lile kwa miezi, na hayajaguswa.

Mwenye boma hakuwepo. Alikuwa kiwandani Kericho, mkutanoni. Wakubwa siku zote wako mkutanoni.

Uani walikuwa wameketi wanawake, na Sajini akajua mara moja kwamba kuna mtoto mchanga. Aliwasalimu kwa Kikipsigis, wakaitikia. Akapewa kiti nje ya mlango, mahali pa mwanamume, na kikombe cha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Mtoto alikuwa wa Kipruto, mwana wa kwanza wa Chepyegon. Wa kiume. Mama yake alikuwa ameketi ukutani na yule mtoto amelala kifuani, na hakuwa akimwangalia mtu.

Katika nyumba hizi watu huenda kanisani na Jumapili wanatoa sadaka, lakini mtoto hapewi dunia bila kuitiwa waliotangulia. Wanawake wa ukoo huketi, ugoro kidogo unapitishwa puani pa mtoto, na majina ya marehemu wa ukoo yanaitwa moja moja. Jina ambalo mtoto anapiga chafya likiitwa, huyo ndiye aliyerudi. Sajini aliuliza swali ambalo mgeni yeyote mwenye adabu huuliza.

"Hongereni sana. Amerudi nani?"

Walioitikia ni ng'ombe.

Alirudia, akidhani hawakusikia kwa sababu ya ng'ombe. Mwanamke mmoja akaokota kikombe kisichohitaji kuokotwa. Mwingine akakumbuka kuni. Aliyebaki akimtazama alikuwa mkongwe wao, Kogo Tapkigen, yaani Nyanya Tapkigen, shangazi wa Chepyegon, mwanamke asiye na jino wala woga.

"Kogo, nimekosea?"

"Hujakosea. Swali ndilo limekosea nyumba."

"Mtoto hakupiga chafya?"

"Alipiga."

"Kwa jina gani?"

Yule mkongwe alitazama upande wa jikoni kulikokuwa na moshi. "Tulianza asubuhi. Tukamwita baba yangu. Tukamwita ndugu yangu. Tukaita wale waliokufa vita vya Wazungu, tukaita mpaka wale ambao sura zao nimezisahau. Mtoto kimya. Akaanza kulegea. Midomo ikawa rangi ya jivu. Mama yake akapiga nduru. Ndipo mmoja wetu akaita jina ambalo halikuwa la kuitwa."

"Kwa nini halikuwa la kuitwa?"

"Kwa sababu mwenyewe anaandika maneno pale kwa chai kila asubuhi."

Sajini aliweka kikombe chini.

"Kipkurui," alisema, jina la nyumbani la Hezekiah.

"Sikulisema mimi. Umelisema wewe."

"Kogo, ukoo huu una Kipkurui mwingine? Wa zamani, aliyekufa?"

"Nimezika ukoo huu wote, mwanangu. Hakuna mwingine."

"Na mtoto?"

"Alipiga chafya mpaka tukaogopa. Rangi ikarudi, akanyonya. Sasa hatujui tumefanya nini. Kama yule yuko hai, tumemnyang'anya roho yake. Kama amekufa..." Alifunga mdomo usio na meno, akaacha maneno yafie humo.

"Nani aliita?"

Kogo Tapkigen hakuelekeza kidole. Ilitosha kwamba macho yake yalikuwa bado jikoni.

*

Chepchirchir, mke wa Chepyegon, nyanya wa mtoto, hakuwa jikoni. Sajini alimkuta nyuma, anashuka kilima na mzigo wa nepia, majani ya ng'ombe, mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso. Alikuwa ameikata mbali, ng'ambo ya mto, kwenye shamba la watu. Alipoona sare ya polisi hakutupa mzigo. Alisimama nao.

"Chamgei, mama."

"Chamgei, afande. Mzee hayuko."

"Ni wewe nimekuja kuona. Weka mzigo."

"Ng'ombe wana njaa."

"Naona. Na sileji imeiva."

"Mzee alisema isifunguliwe."

"Mpaka lini?"

Sajini alimsaidia kushusha nepia, kisha akajiweka mahali ambapo mwanamke akimtazama, lazima alione na shimo nyuma yake. Hiyo hakufundishwa na mkubwa yeyote.

"Mtoto alikataa majina mengi, nimeambiwa."

"Mengi."

"Kisha wewe ukaita Kipkurui."

"Ulimi uliteleza. Nilikuwa nimechoka."

"Ulimi huteleza kwa jina la jirani, mama, la mtoto, la ng'ombe. Umekaa kwa hizi sherehe tangu uolewe. Ulishawahi kusikia mama akiita mtu aliye hai?"

"Hapana."

"Ungeweza?"

"Ni laana."

"Basi hukumwita mtu aliye hai."

Mwanamke huyo aliangalia mikono yake iliyokatwakatwa na majani. Ng'ombe walikuwa wameona nepia, wakazidisha kelele.

"Alikuwa amesimama mlangoni," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini sana. "Wengine hawakumwona. Kila jina tukiita, anaweka mkono hivi, analizuia. Amevaa ile koti yake, na chaki kwa vidole. Mtoto anazidi kwenda. Nikajua anataka nini. Anataka tuseme." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mzee wangu nimemficha. Ni mzee wangu, nitafanya nini? Lakini siwezi kumficha hadi mtoto wa Kipruto afe."

"Ilikuwa vipi?"

"Mzee wangu huamka mapema kufungua kituo. Siku ile alipata Kipkurui ameandika neno lingine. Akamwambia afute. Akakataa. Akamsukuma. Kichwa kikagonga saruji." Alivuta pumzi. "Haikuwa kupanga, afande. Ukweli wa Mungu. Angeita watu, ingekuwa ajali. Lakini alisema mtu wa cheo chake hawezi kusimama mbele ya watu namna hiyo. Alikuja na pikapu, amemfunika na magunia ya chai. Shimo tulikuwa tumechimba tayari, mahindi yalikuwa yanangoja. Aliniambia anafukia ndama aliyekufa."

"Ukaamini?"

"Ndama havai viatu."

Upepo ulipita juu ya plastiki ile nyeusi, ikapumua chini ya matairi.

"Lilikuwa neno gani, aliloliandika siku ile?"

"Sijui kusoma Kizungu. Mzee alilifuta na mkono wa koti. Mpaka leo hajanitajia. Lakini usiku akilala analisema, na mimi siwezi kulishika."

"Na haya ya sasa?"

"Anayatoa kwa simu. Anaenda kabla ya karani." Aliangalia chini. "Nilimwambia aache, kwamba anamwita. Akanicheka."

Sajini alipiga simu kituoni. Aliomba askari wawili waende kiwandani Kericho wamtoe Chepyegon kwenye mkutano, na wengine waje na majembe. OCS alinyakua simu.

"Kiptanui, umelewa? Unajua chairman ni mtu wa nani?"

"Najua, afande. Na aliye shimoni naye ni mtu wa watu. Leta majembe."

"Ushahidi wako ni nini? Chafya ya mtoto?"

"Hiyo utaulizwa wewe, kwa nini ulitaka faili ifungwe kabla hatujachimba. Mimi nitasema tu nilikuambia."

Upande wa pili wa simu, mtu mkubwa alikuwa anajipimia ngozi yake. Majembe yakaja.

*

Habari katika nchi ya chai haingojei gari. Kabla tairi la mwisho halijaondolewa, Phyllis alikuwa ameingia uani kwa miguu, leso kichwani, viatu vya matope. Wanawake walisimama wote. Hakuuliza wanachimba nini. Hakutazama huko kabisa.

"Mtoto yuko wapi?"

Chepchirchir, akiwa kati ya askari wawili, alifanya kama anayetaka kwenda kusimama mlangoni. Mama wa mtoto alimkumbatia mwanawe akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Kila mtu alikuwa na wazo moja, na lilikuwa wazo baya.

"Mpeni," alisema Kogo Tapkigen.

"Kogo..."

"Mpeni, nimesema. Mmemwita wenyewe. Mlidhani atakuja kwenu peke yenu?"

Mtoto akatoka mikono hii akaingia ile. Phyllis aliketi kwenye kigoda. Alifungua blanketi akaangalia masikio, vidole, nyayo, taratibu, kama mtu anayekagua mzigo uliosafiri mbali. Kule nyuma plastiki iliraruka, na harufu ya mahindi yaliyochacha ikaja mpaka mlangoni, tamu na kali. Jembe moja likasimama. Askari kijana akaita, "Sajini." Sajini akaenda, akainama, akaona kiatu. Alivua kofia. Aliporudi uani, Phyllis aliusoma uso wake, akaitikia kwa kichwa mara moja, na hakulia.

"Wewe mzee," alimwambia mtoto. "Kuondoka gani huko."

Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba cha njaa. Mama yake aliinuka nusu, mikono mbele, asijue kama ana ruhusa. Watu wote uani walimngoja Phyllis. Alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu, kisha akamfunika vizuri, kichwa kwanza, akamkabidhi yule msichana aliyemzaa.

"Mnyonyeshe," alisema. "Siku ile alitoka bila kunywa chai."